Kura Mbili za Mwaka 2010: Uchambuzi wa Kisa cha Maridhiano ya Zanzibar

Mipaka ya kisa

Kisa hiki kinahusu namna wapiga kura wa Zanzibar walivyobadilisha muundo wa serikali yao kwa karatasi ya kura tarehe 31 Julai 2010, namna walivyoujaribu muundo huo miezi mitatu baadaye, na yaliyoupata katika miaka kumi iliyofuata. Nimekichagua kwa sababu si kawaida wananchi kuulizwa moja kwa moja kama wako tayari kuwaona wapinzani wao wakiketi ndani ya serikali moja pamoja na viongozi wao, na ni adimu zaidi kuulizwa swali hilo kabla ya uchaguzi, wakati kila upande bado unaamini kwamba unaweza kushinda peke yake.

Viongozi wa kitaifa wametajwa kwa majina kwa kuwa walichokifanya walikifanya hadharani. Wananchi wa kawaida, masheha (viongozi wa serikali wa mitaa na vijiji, yaani shehia), makarani wa vituo na mawakala wa vyama hawakutajwa, wala shehia zao hazikutajwa, kwa sababu wengi wao bado wanaishi na kusalimiana na watu waliokuwa upande wa pili. Uchambuzi unaishia mwanzoni mwa 2021.

Usuli

Mgawanyiko wa kisiasa wa Zanzibar haukuzaliwa na mfumo wa vyama vingi wa 1992. Katika uchaguzi wa Januari 1961 chama cha Afro-Shirazi kilipata viti 10, na vyama hasimu vya ZNP (Zanzibar Nationalist Party) viti 9 na ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party) viti 3, na kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa tofauti ya kura moja. Wawakilishi watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule, pande zikawa sawa kwa sawa, na serikali haikuweza kuundwa. Uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huohuo, na ghasia zilizofuata ziliua watu 68. Mwezi Julai 1963 Afro-Shirazi kilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote, lakini kwa jinsi majimbo yalivyokatwa kikaambulia viti 13 kati ya 31, na serikali ikaundwa na muungano wa ZNP na ZPPP. Serikali hiyo ndiyo iliyopokea uhuru tarehe 10 Desemba 1963, nayo ikapinduliwa tarehe 12 Januari 1964.

Nayaeleza haya kwa urefu kidogo kwa sababu kila upande ulitoka katika kipindi hicho na kumbukumbu yake. Upande mmoja uliamini kwamba wingi wake ulipotezwa na hesabu ya viti. Upande mwingine uliamini kwamba serikali iliyochaguliwa iliondolewa kwa nguvu. Zanzibar haikuwachagua tena viongozi wake kwa kura hadi 1980, na ilifanya hivyo chini ya chama kimoja, kwa hiyo kumbukumbu hizo mbili hazikupata jukwaa la kukutana na kupingana waziwazi kwa takriban miaka thelathini.

Zilipokutana, zilikutana kwa kishindo. Katika uchaguzi wa Oktoba 1995 Dk. Salmin Amour wa CCM, chama tawala kilichomrithi Afro-Shirazi, alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya asilimia 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF, chama kikuu cha upinzani. Katika Baraza la Wawakilishi CCM ilipata majimbo 26 na CUF 24, yakiwemo majimbo yote 21 ya Pemba. CUF haikuyakubali matokeo ya urais, na wawakilishi wake wakasusia vikao. Mwafaka wa kwanza, yaani makubaliano ya CCM na CUF, uliosimamiwa na Jumuiya ya Madola, ulitiwa saini Juni 1999, lakini sehemu kubwa yake haikutekelezwa. Uchaguzi wa 2000 ukaharibika katika majimbo 16, ukarudiwa bila CUF, na maandamano ya Januari 2001 yakazimwa kwa risasi. Makumi ya watu waliuawa, wengi wao Pemba, na zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari na kukimbilia Shimoni, pwani ya Kenya. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi, kutoa wa kwake.

Mwafaka wa pili, wa Oktoba 2001, ulifanikiwa zaidi. Ulileta daftari la kudumu la wapiga kura na kuwaingiza katika Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar wajumbe waliopendekezwa na upinzani. Hata hivyo uchaguzi wa 2005 ulikwisha kama ule wa kwanza: Amani Abeid Karume asilimia 53.2, Maalim Seif asilimia 46.1, na CUF ikakataa kumtambua Rais.

Kiini cha tatizo kilikuwa katika kanuni yenyewe ya ushindi. Rais wa Zanzibar hupatikana kwa wingi wa kura, na aliyepata nusu na chembe alichukua vyote: Baraza la Mapinduzi, wizara, wakuu wa mikoa na wa wilaya, na kwa kupitia hao hadi masheha. Aliyekosa kwa chembe hiyohiyo alikosa vyote. Kanuni hiyo huvumilika mahali ambapo wapiga kura huhama kutoka chama kimoja kwenda kingine, maana aliyeshindwa leo ana tamaa ya kesho. Zanzibar wapiga kura hawakuwa wakihama. Pemba ilibaki CUF, vijiji vingi vya Unguja vilibaki CCM, na Mji Mkongwe na viunga vyake vikawa uwanja wa kugombaniwa. Kisiwa kizima cha Pemba kiliishi mwongo na nusu bila mtu ambaye kilimchagua kuwa na madaraka makubwa katika serikali ya Zanzibar.

Uandikishaji wa 2009

Mtu aliyetaka kuona siasa za Zanzibar zilivyofanya kazi kwa karibu angepaswa kukaa mbele ya kituo cha uandikishaji cha Pemba katikati ya 2009. Ili jina lake liingie katika daftari, mwananchi alitakiwa kuwa na Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Ili apate kitambulisho, alihitaji cheti cha kuzaliwa na uthibitisho wa sheha kwamba anamfahamu kuwa mkaazi. Sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, na Mkuu wa Mkoa huteuliwa na Rais.

Kwa mwajiriwa wa serikali mjini, mlolongo huo ulikuwa usumbufu wa siku chache. Kwa bibi wa kijijini aliyezaliwa nyumbani, ambaye hajawahi kushika cheti cha kuzaliwa mkononi, au kwa kijana aliyefanya kazi Tanga au Mombasa akarudi, uliweza kuwa mwisho wa haki yake ya kupiga kura. Na palipokuwa na ugomvi wa kisiasa kati ya kijiji na sheha wake, hakuna aliyeweza kujua kwa yakini kama fomu iliyokataliwa ilikataliwa kwa kasoro ya karatasi au kwa rangi ya fulana ya mwombaji. Shaka hiyo peke yake ilitosha kuharibu imani. Wananchi wakapinga, askari wakatawanywa, na uandikishaji ukasimamishwa kwa muda Pemba. Uchaguzi wa 2010 ulikuwa umebakiza mwaka mmoja tu, na kila aliyekumbuka Januari 2001 aliona unakoelekea.

Mfululizo wa matukio

Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Karume alimpokea Maalim Seif Ikulu, Zanzibar. Hapakuwa na msuluhishi kutoka nje, wala hapakutolewa hati ya makubaliano yenye vipengele. Siku mbili baadaye, katika mkutano wa hadhara Kibandamaiti, Maalim Seif aliwaambia wafuasi wake kwamba CUF sasa inamtambua Karume kuwa Rais. Baadhi yao walilipokea tamko hilo kwa manung'uniko, na ni haki kueleza kwa nini: kwa miaka minne walikuwa wamefundishwa na viongozi wao kwamba kutomtambua ndiyo silaha iliyobaki.

Januari 2010 Baraza la Wawakilishi lilijadili hoja ya kuunga mkono maridhiano, iliyowasilishwa na kiongozi wa upinzani Barazani, Abubakar Khamis Bakary, na likaipitisha. Kamati ya wajumbe sita kutoka pande zote mbili ikasimamia utekelezaji, na sheria ya kura ya maoni ikatungwa. Tarehe 31 Julai wananchi wakaulizwa kama wanakubali serikali ya umoja wa kitaifa iundwe baada ya uchaguzi ujao. Waliosema ndiyo walikuwa 188,705, sawa na asilimia 66.4, waliosema hapana walikuwa 95,613. Mwezi Agosti Baraza likapitisha Marekebisho ya Kumi ya Katiba ya Zanzibar.

Marekebisho hayo yaliondoa nafasi ya Waziri Kiongozi na kuweka Makamu wawili wa Rais. Makamu wa Kwanza angetoka katika chama kilichoshika nafasi ya pili katika kura za urais. Makamu wa Pili angetoka katika chama cha Rais na kuongoza shughuli za serikali Barazani. Mawaziri wangegawanywa kwa uwiano wa viti vya vyama katika Baraza la Wawakilishi.

Tarehe 31 Oktoba 2010 wananchi wakarudi vituoni. Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM akapata kura 179,809, asilimia 50.1, na Maalim Seif kura 176,338, asilimia 49.1. Tofauti ilikuwa kura 3,471. Majimbo 28 yalikwenda CCM na 22 CUF. Wafuasi wa pande zote walisubiri kwa wasiwasi hadi matokeo yalipotangazwa katika hoteli ya Bwawani, na hapohapo Maalim Seif akayakubali. Hakuna aliyeuawa. Mwezi Novemba akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, na Balozi Seif Ali Iddi kuwa Makamu wa Pili. Wana CUF wakashika wizara zikiwemo Afya, Sheria na Biashara.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza wenye uzito ulikuwa wa kukutana bila msuluhishi. Miafaka yote miwili ilikuwa imesainiwa mbele ya wageni au viongozi wa vyama kutoka Bara, na mazungumzo ya tatu yalikwama Butiama mwishoni mwa Machi 2008, pale Halmashauri Kuu ya CCM ilipotaka suala la kugawana madaraka lipelekwe kwanza kwa wananchi katika kura ya maoni, na CUF ikaona huo ni ujanja wa kuchelewesha. Karume na Maalim Seif walijifunza kutokana na hilo kwamba kadiri meza ilivyokuwa na watu wengi, ndivyo kila mmoja alivyozidi kuhofia kuonekana mnyonge mbele ya chama chake. Wakiwa wawili, walikuwa na nafasi ya kusema yale ambayo kikao cha chama kisingewaruhusu kuyasema.

Hali binafsi za viongozi hao zilisaidia. Karume alikuwa katika muhula wake wa pili na wa mwisho. Asingegombea tena, kwa hiyo hakuwa na kura yake mwenyewe ya kupoteza. Yeye pia ni mtoto wa Rais wa kwanza wa Zanzibar baada ya Mapinduzi, na hilo lilimpa kinga ambayo mwana CCM mwingine asingekuwa nayo: ilikuwa vigumu kumshutumu mtoto wa Mzee Karume kwamba anauza Mapinduzi, ingawa wapo waliojaribu. Maalim Seif naye alikuwa amegombea mara tatu na mara zote kutangazwa ameshindwa. Aliwahi kuwa Waziri Kiongozi, akafukuzwa CCM mwaka 1988, akawekwa kizuizini. Hakuna mtu ndani ya CUF aliyeweza kumwambia kwamba hajui uchungu wa kunyimwa, na ndiyo maana yeye peke yake ndiye aliyeweza kusimama Kibandamaiti na kulisema lile alilolisema.

Uamuzi wa pili, ambao kwangu ndio wenye busara kuliko yote, ulikuwa wa kuikubali kura ya maoni ileile iliyokataliwa baada ya Butiama. Mwaka 2008 kura hiyo ilionekana kizuizi kwa sababu ilitolewa kama sharti na upande mmoja. Mwaka 2010 ikawa ngao. Mtu yeyote ndani ya CCM aliyetaka kuyapinga maridhiano angelazimika kuwapinga theluthi mbili ya wapiga kura, na pia kulipinga wazo lililotoka katika kikao cha chama chake mwenyewe.

Uamuzi wa tatu ulihusu wakati. Muundo mpya uliwekwa katika Katiba mwezi Agosti, kabla ya mtu yeyote kujua nani atashinda Oktoba. Kila upande ulikuwa unakata nguo ambayo huenda ingevaliwa na mwenzake. CCM ilipolinda nafasi ya chama cha pili ilikuwa inajilinda yenyewe iwapo ingeshindwa, na CUF vivyo hivyo. Kama mazungumzo hayo yangefanyika Novemba, baada ya matokeo, mshindi angekuwa anagawa sadaka na aliyeshindwa angekuwa anaomba.

Uamuzi wa nne ulikuwa wa kuacha kitu bila kukigusa. Muundo wa Tume ya Uchaguzi, mamlaka ya mwenyekiti wake, nafasi ya masheha katika upatikanaji wa vitambulisho, na kifungu cha Katiba kinachozuia mahakama kuchunguza ushindi wa Rais aliyekwishatangazwa na Tume, vyote vilibaki kama vilivyokuwa. Sababu yake inaeleweka. Muda ulikuwa mfupi, na kila suala jipya lingeongeza maadui. Waliofanya maridhiano walichagua kushughulikia namna ya kugawana matokeo, wakaiacha kando namna matokeo yenyewe yanavyopatikana.

Yaliyofuata

Miaka mitatu ya mwanzo ilikuwa ya utulivu ambao kizazi cha 1995 hakikuwahi kuuona. Mivutano ilianza kukua pale Tanzania ilipoanza kuandika Katiba mpya ya Muungano. Ndani ya serikali hiyohiyo ya Zanzibar, upande wa CCM ulishikilia Muungano wa serikali mbili na upande wa CUF ukataka wa serikali tatu au wa mkataba. Waziri mmoja wa CCM aliyeunga mkono mamlaka zaidi kwa Zanzibar alipoteza uwaziri, kisha uanachama. Oktoba 2014 Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, Othman Masoud Othman, aliondolewa baada ya kupiga kura ya hapana kwa baadhi ya ibara katika Bunge Maalumu la Katiba. Mwezi huohuo CUF ikatia saini makubaliano rasmi ya UKAWA, ushirikiano wa vyama vya upinzani vya Tanzania. Washirika wa serikali moja Unguja wakawa wapinzani wa waziwazi Dodoma.

Tarehe 25 Oktoba 2015 wananchi walipiga kura. Maalim Seif alitangaza mwenyewe, kabla ya Tume kumaliza kazi, kwamba hesabu za chama chake zinaonyesha ameshinda. Tarehe 28 Oktoba, matokeo ya sehemu ya majimbo yakiwa yamekwishatangazwa, Mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, alitangaza kuufuta uchaguzi wote wa Zanzibar. Wajumbe wa Tume waliopendekezwa na upinzani walisema hadharani kwamba hapakuwa na kikao kilichoamua hivyo. Kura za Rais wa Muungano, zilizopigwa na watu haohao siku hiyohiyo katika vituo hivyohivyo, zilikubaliwa.

Uchaguzi ulirudiwa tarehe 20 Machi 2016 bila CUF. Dk. Shein alitangazwa kwa asilimia 91.4. Hakuna mgombea mwingine aliyefikia asilimia 10, na Katiba ilikuwa na sharti kwamba chama kinachotoa Makamu wa Kwanza kiwe kimefikia angalau kiwango hicho. Nafasi ikabaki tupu. Rais akateua viongozi wachache wa vyama vidogo kuwa mawaziri, lakini serikali ya umoja ambayo watu 188,705 waliikubali haikuwapo tena kwa maana waliyoikusudia.

CUF ikapasuka. Baada ya Mahakama Kuu kuutambua uongozi wa Profesa Ibrahim Lipumba mwezi Machi 2019, Maalim Seif alihamia chama kingine cha upinzani, ACT-Wazalendo, chini ya kaulimbiu ya kushusha tanga na kupandisha tanga. Ofisi zilipakwa rangi mpya, bendera zikabadilishwa, na wafuasi wake wengi wakamfuata. Katika uchaguzi wa Oktoba 2020, uliotanguliwa na mauaji Pemba, Dk. Hussein Ali Mwinyi alitangazwa kwa asilimia 76.27 na Maalim Seif asilimia 19.87. ACT-Wazalendo iliyakataa matokeo, kisha mwezi Desemba ikaamua kuingia serikalini. Maalim Seif aliapishwa tena kuwa Makamu wa Kwanza, akafariki dunia tarehe 17 Februari 2021. Nafasi yake ilichukuliwa na Othman Masoud, yuleyule aliyeondolewa mwaka 2014.

Uchambuzi: kilichofaa

Ushahidi mkubwa kwamba muundo wa 2010 ulikuwa na thamani ni zile kura 3,471. Mwaka 1995 tofauti ya ukubwa kama huo ilizaa susio la miaka. Wapiga kura wa 2010 walikuwa walewale, vyama vilevile, mgombea wa upinzani yuleyule. Kilichobadilika zaidi ni kile ambacho aliyeshindwa alikipoteza. Akiwa na uhakika wa Makamu wa Kwanza na karibu nusu ya wizara, Maalim Seif alikuwa na kitu cha kuwapelekea wafuasi wake zaidi ya malalamiko. Wapo waliosema kwamba alikubali kwa tamaa ya cheo. Sikubaliani nao: kiongozi anayeweza kuwarudisha watu wake nyumbani wakiwa salama usiku wa matokeo anafanya kazi ambayo hakuna polisi anayeweza kuifanya, na anahitaji sababu ya kuwapa.

Jambo la pili lililofaa ni kwamba swali lilifika kwa mpiga kura. Miafaka ya 1999 na 2001 ilikuwa mali ya vyama, na vyama vilipokosana miafaka ilikufa. Maridhiano yalipata uhalali ambao haukutegemea uhusiano wa viongozi, na nadhani hiyo ndiyo sababu vifungu vyake vilibaki katika Katiba hata wakati ambapo vilikuwa havitekelezwi. Mwaka 2020 hapakuhitajika mazungumzo ya kubuni muundo. Mlango ulikuwapo, suala lilikuwa kama chama kitaingia.

Tabia ya wapiga kura waliosema hapana inastahili pia kuangaliwa kwa heshima. Pemba ilikubali kwa wingi mkubwa, na kura nyingi za kukataa zilitoka katika ngome za CCM Unguja, mahali ambapo watu walihofia kwamba walichopewa na Mapinduzi kinarudishwa mezani. Theluthi hiyo haikupata mtu wa kuzungumza nayo kwa dhati baada ya Julai. Viongozi walishangilia ushindi wakaendelea na safari. Miaka mitano baadaye, wale waliotaka kuuvunja muundo walijua wapi pa kupata wafuasi.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Kosa la msingi lilikuwa katika uamuzi wa nne. Muundo uligawanya madaraka kwa uwiano wa kura na viti, kwa hiyo ulifanya hesabu ya kura kuwa muhimu zaidi kuliko zamani, na wakati huohuo uliiacha hesabu hiyo mikononi mwa chombo ambacho hakikuwa na mtu wa kukihoji. Mwaka 2010 udhaifu huo haukuonekana kwa sababu CCM ilishinda. Hatukuwahi kuona muundo ukijaribiwa kwa upande wa pili, yaani chama tawala kikiwa cha pili na kuridhika na Makamu wa Kwanza. Jaribio hilo lilikaribia Oktoba 2015, likakatizwa siku tatu baada ya kura kupigwa. Kutangaza ushindi mapema kwa Maalim Seif kuliwapa waliofuta uchaguzi kisingizio, na lilikuwa kosa, lakini hakuna sheria inayosema kwamba adhabu ya kosa la mgombea mmoja ni kufuta kura za watu wote.

Kasoro ya pili ilikuwa kwamba vyama vyenyewe havikubadilika. Mawaziri walikaa Baraza moja, lakini katika shehia matawi yaliendelea kuwa na maskani zao, bendera zao na watu wao. Hapakuwa na utaratibu wowote wa kuwafanya masheha wawajibike kwa wakaazi badala ya Mkuu wa Mkoa, na hapakuwa na chombo cha pamoja cha kushughulikia malalamiko ya uandikishaji. Mwananchi aliyekosa kitambulisho mwaka 2009 hakupata njia nyepesi ya kukipata mwaka 2014 kwa sababu tu Makamu wa Kwanza alikuwa mtu wa chama chake. Kwake yeye serikali ya umoja ilikuwa habari ya redioni.

Kasoro ya tatu inahusu Muungano. Vyama viwili vilivyoshirikiana Zanzibar ni sehemu ya vyama vya kitaifa, na maamuzi yao makubwa hufanywa katika vikao ambavyo wajumbe wengi wanatoka Bara. Maridhiano yalikuwa ya Wazanzibari wawili waliokutana Unguja, na yalidumu kadiri vyama mama vilivyoyavumilia. Suala la muundo wa Muungano lilipowadia, mgawanyo wa wizara Zanzibar haukuwa na la kusema.

Sharti la asilimia 10 nalo limeleta tatizo ambalo waandishi wake huenda hawakulitarajia. Lilikusudiwa kuzuia chama kisicho na wafuasi kupata cheo kikubwa. Katika uchaguzi uliosusiwa, hata hivyo, sharti hilo liliiruhusu serikali kuendelea kisheria bila upande wa pili, na kwa hiyo likapunguza gharama ya kuusukuma upinzani nje ya uchaguzi. ACT-Wazalendo ilipoamua mwaka 2020 kuingia serikalini ikiwa na majimbo manne tu Barazani, wapo wanachama wake waliouliza inaingia kufanya nini, kwa kuwa uwiano wa wizara hufuata viti. Jibu la viongozi wao lilikuwa kwamba ni bora kudai mageuzi ya Tume na haki za waathirika wa uchaguzi wakiwa ndani. Hoja hiyo ina nguvu kwa kiongozi mwenye hadhi ya Maalim Seif, ambaye simu yake hupokelewa. Ni dhaifu zaidi kwa chama chenye viti vinne, kwa sababu Katiba inampa Makamu wa Kwanza kazi ya kumshauri Rais na haimpi kura ya kuzuia jambo lolote. Pale Agosti 2010, Baraza likiwa na wingi wa kutosha wa kupitisha vifungu na wananchi wakiwa wametoka kusema ndiyo, kifungu kuhusu uteuzi wa Tume na kingine kuhusu haki ya kupinga matokeo ya urais mahakamani vingeweza kupitishwa katika kikao kilekile.